Mkaa au gesi? Tuulize kwanza maharage yanaivaje

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Tangu hapo watu wamegawanyika. Wapo wanaotaka mkaa upigwe marufuku leo kabla ya kesho, na wapo wanaoona gesi ni starehe ya wenye nacho wanayolazimishiwa maskini. Pande zote mbili zina hoja nzito. Lakini zote zinabishania kinachowaka chini ya sufuria, na kilichomo ndani ya sufuria hakuna anayekitaja.

Tuanze na hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Na sisi tumo humo: sensa ya 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya kaya nane katika kila kumi nchini hupikia kuni au mkaa. Wengi huona mkaa afadhali, kwa kuwa ukishakolea hautoi moshi. Hapo ndipo unapoua. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, hivyo husambaa chumba kizima, juu na chini. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana kila msimu wa baridi, Juni na Julai, nyanda za juu hazikosi habari ya familia iliyoingiza jiko ndani ili ipate joto na asubuhi haikuamka. Anayetetea mkaa kwa sababu "hauna moshi" anatetea kitu cha hatari, na hapa sioni la kuafikiana naye.

Watetezi wa mkaa wana hoja iliyo bora zaidi ya hiyo. Mkaa unauzwa kwa kopo. Kibarua anayelipwa jioni ananunua wa kupikia usiku huo, na kesho anaanza upya. Mtungi wa gesi hauna huruma hiyo: ukiisha, unatakiwa utoe fedha yote kwa mkupuo. Mkaa pia unalisha wachomaji, wenye baiskeli, madereva na kina mama wa vibandani. Mwanzoni mwa 2006 Serikali iliwahi kuuzuia, bei ikapaa, na katazo halikudumu. Tena si kila mkaa unamaliza msitu. Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji kadhaa vilipanga misitu yao kwa vitalu vinavyovunwa kwa zamu na kuachwa vichipue upya, na mapato yakaingia kijijini. Nauheshimu sana mpango ule. Ila ulichookoa ni mti. Mama aliyeinamia jiko mjini anavuta hewa ileile.

Gesi inamuokoa mama huyo, kwa kuwa ikiwaka vizuri haitoi masizi ya kutajika. Udhaifu wake ni bei, nayo hupangwa mbali na sisi, maana gesi ya mitungi tunaiagiza kutoka nje. Kenya iliirudishia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2021, ikaipunguza hadi nane mwaka uliofuata, na 2023 ikaifuta. Serikali inayotaka watu wahame mkaa haiwezi kuitoza gesi kodi kama hiyo. Tanzania imechagua kutoa ruzuku ya mitungi, jambo jema, lakini nyumba nyingi zenye mtungi bado zina jiko la mkaa uani. La nini? La maharage na makande.

Hapa ndipo hewa inapoingia tena, safari hii kwa uzito wake. Pwani, hewa yote iliyo juu yetu hukandamiza uso wa maji, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Njombe, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyobaki juu ni kidogo, mgandamizo umepungua kwa karibu moja ya tano, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Kuchochea moto hakusaidii, kwani maji yakishachemka hayaongezi joto, yanakauka tu. Kwa hiyo maharage yaleyale huchukua muda mrefu zaidi Njombe kuliko Tanga, na huko kwenye baridi ndiko jiko huingizwa ndani. Nani atawasha gesi yake saa mbili au tatu kwa chungu kimoja?

Sufuria la presha linajibu swali hilo. Mvuke ukifungiwa, mgandamizo wa ndani hupanda na maji hupita nyuzi 110, maharage yakaiva kwa sehemu ndogo ya muda ule. La umeme hutumia chini ya uniti moja kwa chungu cha familia. Kwa mteja wa kawaida anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni fedha ambayo mkaa wa kuivisha maharage hauwezi kushindana nayo. Na umeme tunao zaidi ya zamani, Bwawa la Julius Nyerere pekee likiwa na uwezo wa megawati 2,115.

Wanaopinga watasema umeme unakatika, na vijiji vingi nyumba hazijaunganishwa. Kweli, na ndiyo maana siungi mkono kumkataza mkaa mtu ambaye hajapata mbadala. Taasisi zinazolisha mamia, kama shule na magereza, zibanwe kwanza, maana wapishi wao ndio wanaokaa kwenye moshi kutwa. Mijini, kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko kukatika kwa umeme ni mita. Wapangaji wa vyumba vitano wakichangia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, huvuka uniti 75 kwa mwezi, wakaikosa bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya watu wa kipato chao. Isitoshe, baadhi ya wenye nyumba hukataza kabisa kupikia umeme. Mpangaji huyo ukimpa sufuria la presha bure, atalichomeka wapi?