Fuwele za Tsumeb: ziliokolewa au ziliporwa?

Mgodi wa Tsumeb, kaskazini mwa Namibia, ulifungwa mwaka 1996 baada ya kutoa shaba, risasi na zinki kwa karibu miaka tisini. Mashimo yake yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 1,700. Pampu zilipozimwa, maji yalipanda na kumeza njia za chini. Wafanyabiashara wa metali wanaukumbuka kama mgodi mkubwa kati ya mingi, ila kwa wanaokusanya mawe hauna mwenzake: humo zimepatikana aina zaidi ya 300 za madini, na makumi kati ya hizo sayansi ilizijua kwa mara ya kwanza kupitia Tsumeb.

Vipande bora vingi vya fuwele zake, yaani madini yaliyoota kwa maumbo yenye nyuso na kingo, haviko Namibia. Viko Washington, London, Berlin, na katika makabati ya matajiri. Wapo wanaosema viliokolewa, na wapo wanaosema viliporwa. Kila upande una ukweli wake, na anayetaka kuupima ni vizuri aanze na jiwe lenyewe.

Mbale za Tsumeb, yaani mawe yenye metali, zilikaa ndani ya mwamba wa dolomaiti, unaofanana na chokaa, katika umbo la bomba lililosimama. Kwa kawaida maji yenye oksijeni hugeuza salfaidi za shaba (madini ya shaba na salfa) karibu na uso wa ardhi tu, na hapo ndipo mawe ya kijani na ya buluu hupatikana. Tsumeb ilikuwa na mipasuko iliyoyapeleka maji hayo mbali sana chini. Wachimbaji waliokwisha kulipita tabaka la juu lililogeuzwa hivyo walikuta la pili karibu kilomita moja ardhini, na la tatu chini yake. Ndani ya mwamba mlikuwa na uwazi ambamo fuwele zilikua bila kubanwa na chochote. Azuraiti ya huko, madini ya shaba, ni buluu iliyokolea kama wino, yenye kingo kali. Kuna vipande ambavyo nusu yake imekwisha kugeuka malakaiti ya kijani, lakini pembe na nyuso zote zimebaki zile za azuraiti. Dioptasi, madini mengine ya shaba, nayo ina kijani cha zumaridi, na ukiigonga kidogo tu inapasuka.

Kampuni haikuchimba ili ipate fuwele. Baruti ikishalipuka, kila kilichoanguka kilikwenda kwenye mashine ya kusaga na kutoka hapo kwenye tanuru. Kwa tanuru, azuraiti nzuri kuliko zote duniani ni shaba kidogo tu. Kilichonusurika ni kile ambacho mtu alikiona kwa mwanga wa taa yake, akakitoa ukutani kwa uangalifu na kukipandisha juu, mara nyingi ndani ya kopo la chakula, kisha kikaishia kwa dalali. Kwa sheria, jiwe lile lilikuwa mali ya kampuni. Lakini lingeachwa kwa mwenyewe kisheria, leo lisingekuwepo. Hii ndiyo hoja kuu ya wanaosema viliokolewa, na sijaona jibu linaloibomoa. Wanaongeza kwamba sayansi nayo imefaidika. Jemanaiti, madini yenye metali adimu ya jemaniamu, ilielezwa mwaka 1922 kutokana na mawe ya Tsumeb, na mtafiti wa leo bado anaweza kuyachunguza kwa sababu kuna aliyeyatunza.

Upande wa pili nao una mizizi mirefu. Kilima cha Tsumeb, kilichokuwa kijani kwa shaba, kilijulikana kabla Mzungu yeyote hajakipima. Wasan, wawindaji wa asili wa eneo hilo, waliokota mawe yake na kubadilishana na Wandonga, jamii ya Waovambo wa kaskazini, waliojua kuyayeyusha. Mwaka 1893 Matthew Rogers alikuja kukichunguza kwa niaba ya South West Africa Company, akastaajabu. Mwaka 1900 ikaanzishwa kampuni ya Kijerumani ya migodi na reli, OMEG. Reli yake kutoka Swakopmund ilifika Tsumeb mwaka 1906, na miongoni mwa walioijenga walikuwamo wafungwa wa Kiherero, katika miaka ile ile ambayo watu wao walikuwa wakiangamizwa. Baada ya vita vya pili vya dunia mgodi ukaingia mikononi mwa Tsumeb Corporation, iliyokuwa na mtaji wa Kimarekani, chini ya utawala wa Afrika Kusini. Vibarua kutoka Ovamboland, nchi ya Waovambo kaskazini, waliletwa kwa mikataba iliyowafungia kambini bila familia zao. Mgomo mkubwa wa vibarua hao wa 1971 na 1972 ulifika hadi Tsumeb.

Namibia ilipata uhuru mwaka 1990. Fanya hesabu: katika umri wote wa mgodi ule, ni miaka sita tu ambayo nchi yenyewe ilikuwa na kauli juu ya kilichotoka chini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vipande vya makumbusho ya Ulaya vilipatikana kwa njia halali, nitauliza uhalali huo ulitungwa na nani.

Hata hivyo, baadhi ya wanaolalamika wanaelekeza hasira mahali padogo. Mgodi ulitoa takriban tani milioni 30 za mbale. Fuwele zote zilizotoka kwa siri, hata ukizirundika pamoja, ni chembe tu mbele ya mzigo huo. Kilichoondoka mchana kweupe, kwa hati na mihuri, ndicho kilichoondoka na utajiri. Kumwita mwizi mchimbaji aliyeficha kipande cha dioptasi na kuwaacha wenye hisa ni kukosa haki maradufu.

Mimi nasimama hapa: fuwele zile ziliokolewa kweli, lakini aliyeokoa mali haigeuki kuwa yake kwa kuwa ameiokoa. Anastahili shukrani. Mwenye mali bado yupo.

Nayajua mapingamizi. Watasema makumbusho ya Tsumeb ni madogo, yamo katika jengo la shule ya zamani ya Wajerumani, na kwamba mawe yenye thamani hiyo yanataka ulinzi. Ni kweli yanataka ulinzi, na ulinzi unahitaji fedha, kwa hiyo wenye mawe wachangie fedha hizo. Watasema pia kwamba mawe si vinyago vya mababu, kwa hiyo mjadala wa urithi hauyahusu. Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu usafirishaji haramu wa mali za kitamaduni unataja waziwazi vielelezo adimu vya madini. Mkataba huo haurudi nyuma kuhukumu yaliyofanyika kabla yake, lakini unaonyesha kwamba dunia ilikwisha kukubali kuwa jiwe linaweza kuwa urithi. Namibia yenyewe ina mfano karibu na Tsumeb: kimondo cha Hoba, chenye uzito wa zaidi ya tani 60, ambacho wageni walikuwa wakikimega vipande kabla hakijalindwa kama mnara wa taifa mwaka 1955.

Sidai kila kipande kirudi. Mtu binafsi aliyenunua mnadani hatatoa, na kumfukuza mahakamani kutakula fedha ambazo zingejenga kabati imara. Vile vielelezo ambavyo aina mpya za madini zilielezwa kwavyo vinaweza kubaki vilipo, mradi mwanajiolojia kijana wa Windhoek avifikie bila kuombaomba. Ila makumbusho makubwa yenye vipande vingi vinavyofanana, vingine vikiwa vimefungiwa kwenye droo, hayana sababu nzuri ya kutorudisha hata sehemu yake. Wakati huo huo yarekebishe vibao vyake. Kibao kinachotaja jina la madini, kina cha mgodi na jina la tajiri aliyelitoa jiwe kama zawadi kina nafasi ya kutosha kuwataja Wasan na Wandonga, na kueleza ni kazi ya namna gani iliyolitoa jiwe hilo ardhini.