Lundo la mboji halijigeuzi lenyewe

Watu wakija kwenye bustani yetu ya mtaa hapa Muheza wanapiga picha mchicha na matembele. Lundo hamna anayelipiga picha, na naelewa, maganda ya machungwa na majani ya migomba hayana sura, ila bila lile lundo mchicha wenyewe msingeuona.

Muheza mnaijua kwa machungwa. Msimu ukikolea sokoni maganda yanajaa mpaka wafagiaji wanachoka, weka na makumbi ya nazi, majani ya kabichi, mabaki ya mama lishe, vyote vinapakiwa kwenye lori vinaenda dampo. Tukaanza kuyaomba hayo maganda. Mwanzo tulikosea vibaya mno, tulimwaga toroli kwa toroli bila kuchanganya na kitu kikavu, tukamwagia maji tukaondoka. Wiki ya pili nzi wamejaa, maji meusi yanachuruzika mpaka njiani, na mama jirani tukimwamkia akasema, "Marahaba wanangu, ila hilo lenu linanuka, wajukuu zangu hawali."

Alikuwa na haki kabisa. Kibichi kinataka kikavu. Sa hivi kwa ndoo moja ya maganda yaliyokatwakatwa tunaweka ndoo mbili mpaka tatu za majani makavu au mabua ya mahindi, tunatupia mbolea ya mbuzi kidogo, na unyevu tunaupima kwa kiganja, ukikamua litoke tone moja au mawili basi. Makumbi tunayaweka pembeni, hayaozi leo wala kesho. Halafu kuna fimbo imechomekwa katikati, ukiichomoa asubuhi ukaishika ikawa ya moto mpaka unataka kuiachia, ujue lundo liko kazini, lundo zuri huko ndani linafika nyuzi 55 mpaka 65 na mbegu nyingi za magugu zinafia humo. Ikitoka baridi na lundo bado bichi, shika beleshi, ya nje iingie ndani, ya ndani itoke nje, hewa ipite.

Sasa hapo kwenye beleshi ndo penye hoja yangu. Kugeuza lundo ni kazi ya jasho, na unairudia wiki baada ya wiki karibu miezi mitatu, masika na jua. Siku ya kuvuna kikundi kizima kipo, siku ya kugeuza wapo wawili. Kuna mfadhili alituletea mapipa na fulana, tukashukuru kwa moyo, lakini nilipoomba posho ya mtu wa kugeuza nikaambiwa watu wajitolee ili wajione wenye mali. Jamani, kijana anayegeuza lundo letu siku hiyo anaacha kibarua cha kuchuma machungwa, na nyumbani wanamsubiri aje na unga! Dereva wa lori la taka analipwa, mpakiaji analipwa, huyu anayefanya lori lisijae kwa nini asilipwe?

Wenye vizimba sokoni wanatoa hela ya taka. Mi nasema sehemu ya hela hiyo, hata ndogo, imfuate huyu kijana, kwa sababu kila toroli analolichukua ni mzigo ambao haukuchoma dizeli kwenda dampo.

Na mama lishe nao wapate chao. Wao ndo wanatutenganishia taka, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 lakini vile vipakiti vyepesi vya karanga na ubuyu bado tunavitoa kwenye mboji kimoja kimoja kwa vidole. Tukawapa ndoo ya maganda peke yake, na anayeleta safi anaondoka na kiroba cha mboji. Mmoja ameimwaga nyuma ya banda lake, ameotesha mnafu, wateja wanaula na ugali hapo hapo.

Kikao cha mtaa kijacho naenda na daftari la toroli zote tulizochukua tangu msimu uanze, na huyo kijana naenda naye, aongee mwenyewe.