"Dawa Imenizoea": Tuache Kuwacheka

Kuna mama anauza omena sokoni Kibuye ambaye huja dukani kwangu kila mwezi kuchukua sindano za insulini. Mwezi jana hakuulizia sindano. Aliweka mkoba juu ya kaunta, akashusha pumzi: "Daktari, hii dawa imenizoea. Nadunga tu, sukari haishuki." Kijana ninayemfundisha kazi akageukia rafu ili mama asimwone akicheka. (Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini Kisumu ukishavaa koti jeupe hakuna anayekuuliza cheti.)

Kijana nilimkemea baadaye, ingawa na mimi zamani nilicheka vilevile. Siku hizi naona maneno ya mama yule yanaujua mwili kuliko vijikaratasi vingi tunavyogawa kliniki.

Kipokezi ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli ikingoja homoni yake. Homoni ikibisha hodi, kipokezi kinaitika na habari inafika ndani. Sasa chukua GLP-1, homoni ambayo utumbo hutoa tukila ili kongosho litoe insulini. Ikiachwa ilivyoumbwa, nusu yake huwa imekwisha kwenye damu kwa dakika kama mbili, maana kuna kimeng'enya kinachoikatakata. Mgeni amebisha, ameitikiwa, ameenda zake. Taabu huanza na mgeni anayebisha mchana kutwa na usiku kucha. Protini nyingine, arestini, hukikamata kipokezi kwa upande wa ndani na kukinyamazisha, kisha chenyewe huvutwa ndani ya seli. Kingine hupumzishwa na kurudishwa juu, kingine huvunjwa hukohuko. Mwenye nyumba amechoka na hodi, ameamua kung'oa mlango.

Kipokezi cha insulini ni cha ukoo mwingine kabisa, lakini nacho kina tabia hiyo. Watafiti walionyesha mwaka 1974 kwamba seli za damu zikilelewa maabarani ndani ya insulini nyingi hubaki na vipokezi pungufu. Kwa hiyo mama akisema imemzoea, hajatoa ushirikina.

Lakini siku ile vipokezi vyake havikuwa na kosa. Nilimwomba anionyeshe anapodunga. Kushoto kwa kitovu palikuwa na uvimbe laini, mkubwa kama andazi dogo, na mwenyewe akaniambia anapapenda kwa sababu hapaumi. Hapaumi kweli, ila insulini ikiingia kwenye uvimbe wa namna hiyo hutoka ipendavyo, leo kidogo, kesho nyingi. Na chupa yake? Dirishani, kwenye jua hili letu la Kisumu. Nikampa chupa mpya, nikamwelekeza kuiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi. Nikamsihi pia apitie kliniki kabla ya kuhamia paja, kwa kuwa ngozi nzima hunywa dozi yote na sukari inaweza kuporomoka ghafla. Ningecheka, nisingeuona huo uvimbe.

Mteja mwingine ni mzee mmoja wa Milimani. Binti yake alimtumia semaglutaidi, ile sindano ya mara moja kwa wiki inayoiga GLP-1. Wiki ya pili alikuwa mlangoni kwangu, amenuna. "Hii ni maji. Niongeze?" Dozi ya kuanzia ni miligramu 0.25 kwa wiki nne, ndipo mtu apande hadi 0.5, na kikaratasi ndani ya boksi kinasema hivyo. Hakikumwambia sababu, na hapo ndipo ninapotulaumu sisi tulio nyuma ya kaunta. Mzee alidhani anapewa dawa kidogo kwa ubahili, kumbe lengo la wiki zile nne ni kuzoea kwenyewe! Dawa ikichochea vipokezi bila kupumzika, ule mwendo wa kuchelewesha chakula tumboni hufifia, na kichefuchefu kwa wengi hupungua wiki zikisonga. Kongosho halichoki upesi hivyo. Linaendelea kutoa insulini pale sukari inapopanda, nayo ndiyo kazi tuliyoitaka. Dawa ni moja na kipokezi ni kilekile, lakini tumbo limezoea na kongosho bado linaitika. Nilipomweleza hivyo akanyamaza, kisha akauliza kama samaki wa kukaanga anaruhusiwa.

Kwa desturi yetu, dawa isiposhusha sukari tunaongeza dozi. Mara nyingine ni sawa. Lakini angalia tirzepataidi, sindano nyingine ya kisukari ya mara moja kwa wiki. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba inakishika kipokezi cha GLP-1 kwa ulegevu, kama mara tano chini ya homoni yenyewe. Inaamsha ujumbe ndani ya seli huku ikiita arestini kidogo, hivyo vipokezi vingi hubaki juu vikiitika. Mwaka 2021 ikapimwa kwa wiki 40 dhidi ya miligramu 1 ya semaglutaidi. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kwa pointi 1.86 za asilimia kwa waliotumia semaglutaidi, na kati ya 2.01 na 2.30 kwa waliotumia tirzepataidi, kufuatana na dozi. Sitasema ushindi wote ni wa kubisha polepole, kwa sababu dawa hiyo inabisha pia mlango wa pili, wa GIP, homoni nyingine ya utumbo inayoliamsha kongosho.

Na huo mlango wa pili ndio unaonikosesha usingizi. Ilionekana mwaka 1993 kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili GIP hubisha na kongosho haliitiki sawasawa, ilhali GLP-1 bado inasikika. Halafu mwaka 2009 wagonjwa walishushiwa sukari kwa insulini hadi karibu na kawaida, kwa wiki nne tu. Baada ya hapo kongosho likaanza kuitikia homoni zote mbili vizuri zaidi. Sukari yenyewe, ikikaa juu, ilikuwa imeliziba masikio.

Huku kwetu insulini inaogopwa kama hukumu. Ukiambiwa uanze, majirani wanaanza kukuaga. Nimeona watu wakivumilia sukari ya 18 na 20 miezi mizima wakingoja "vidonge vifanye kazi", na wahudumu wakiwaachia kwa sababu kubishana kunachosha. Mimi nadhani hapo tunawakosea sana. Kuna mtu ambaye insulini ya mwezi mmoja, iliyodungwa vizuri na kuhifadhiwa vizuri, ingeziamsha seli ambazo tumeshaziandika kuwa zimekufa. Si kila mtu, maana kongosho la wengine limeshachakaa. Lakini utajuaje, kama kila anayesema dawa imemzoea anajibiwa kwa kicheko au kuongezewa dozi?

Mama wa omena alirudi juzi. Anadunga paja sasa, na kliniki wamempunguzia dozi. Kijana wangu ndiye aliyemhudumia, nikamsikia akimuuliza chupa anaiweka wapi.

"Kwa chungu, chini ya meza yangu sokoni," mama akasema. "Ila sasa inanuka samaki."