Msiokote mawe, someni barua kwanza

Mwandishi wa makala hii ya matembezi anawashauri wapenzi waende Petrified Forest, hifadhi ya miti iliyogeuka mawe huko Arizona, Marekani, kutazama machweo. Jamani, angalieni saa za geti kwanza! Mimi na mume wangu tulijipangia hivyo mwezi wa Juni, kumbe kiangazi hifadhi inafungwa jua likiwa bado juu. Kosa letu. Tukalala Holbrook, mji wa karibu, tukarudi asubuhi.

Na asubuhi ndiyo yenyewe. Sehemu ya hifadhi iitwayo Blue Mesa mnashuka kwa miguu, mzunguko wa kama kilomita moja na nusu, katikati ya vilima vya kijivu na zambarau, kimya mpaka mnasikia kokoto chini ya viatu. Kule Crystal Forest, sehemu nyingine ya hifadhi, mume wangu aliinama kwenye gogo akauliza nani kalikata kwa msumeno. Hakuna msumeno. Miti hiyo ilifukiwa na matope ya mito zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, ikachukua nafasi ya mbao, na jiwe la namna hiyo likipasuka hupasuka wima, safi kabisa. Ule wekundu wa mawe unatokana na chuma.

Ambalo makala imeliruka ni barua za wezi wa mawe hayo. Watu huiba vipande, wakirudi nyumbani mambo yanawaharibikia, hata ndoa, basi wanavirudisha kwa posta na kuomba radhi. Wahifadhi hawawezi kuvirudisha mahali pake kwa kuwa hawajui vilikotoka, wanavirundika tu kando ya njia. Mume wangu alikung'uta mifuko yote kabla hatujawasha gari.