Mtungi wa Shilingi Kumi

Saa kumi na moja alfajiri, Mukuru kwa Njenga, mtaa wetu wa mabanda jijini Nairobi, foleni ya maji tayari imepinda kona. Mitungi ya manjano imepangwa chini, mingine imefungwa utambaa mpinini ili mwenyewe aitambue akirudi kutoka kuwaamsha watoto. Mama aliye mbele yangu anauliza bei. "Leo ni ishirini, mathe," kijana wa kibanda anamjibu. "Mfereji umekauka tangu jana." Anafungua leso, anahesabu sarafu, kisha anajaza mtungi mmoja na kubeba mwingine mtupu.

Siku za kawaida ni shilingi kumi. Kwetu tuko watano na tunatumia mitungi minne kwa siku, nguo zikisubiri Jumamosi. Hiyo ni shilingi 40 kila siku, 14,600 kwa mwaka. Sasa mfikirie mwenye kiwanja cha shilingi milioni 10 katika jiji hili hili. Kwa kiwango cha asilimia 0.115 kilichowekwa na kaunti, kodi yake ya ardhi ni shilingi 11,500 kwa mwaka. Mimi mpangaji wa chumba cha mabati natoa nyingi kwa maji peke yake kuliko anazotoa yeye kwa barabara, taa, zimamoto na zahanati, vyote pamoja.

Na hapo ni baada ya mabadiliko. Kwa miongo kadhaa Nairobi ilitoza kodi hiyo kwa daftari la thamani ya viwanja la miaka ya 1980. Mashamba yakageuka maghorofa, watu wakafika milioni 4.4 katika sensa ya 2019, daftari likabaki lile lile.

Kifungu cha 209 cha Katiba kinazitaja kodi mbili ambazo kaunti inaweza kutoza: ya mali na ya burudani. Ya mali ndiyo yenye nguvu, maana ardhi haifichiki wala haihami. Ikilegezwa, pengo linazibwa na nani? Na mama mboga anayefuatwa kila asubuhi na mtoza ushuru mwenye risiti mkononi. Naliona hilo kuwa dhuluma, na nitalisema popote.

Nikisema wenye ardhi walipe kodi ya kutosha, najua nitajibiwa kwamba pesa zitaliwa. Uchungu huo nami ninao. Kaunti yetu ina madeni ya makumi ya mabilioni na wanakandarasi wanalia. Lakini tukiinyima kodi, mwenye kisima chake cha borehole na tangi juu ya paa haumii. Anayeumia ni yule mama wa mtungi mtupu.

Njoo uone bomba letu. Ni la plastiki nyeusi, nene kama kidole gumba, limelala ndani ya mtaro wa majitaka, na pale lilipopasuka limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yakipungua nguvu, uchafu unaingia. Hayo ndiyo tunayowanywesha watoto, na Kifungu cha 43 kinasema maji safi na salama ni haki ya kila mtu.

Kikao kijacho cha kukusanya maoni kuhusu bajeti nitakuwa kiti cha mbele. Nataka nisomewe mstari mmoja, kwa Kiswahili: bomba kubwa la kuingia Mukuru kwa Njenga, limetengewa shilingi ngapi, na litachimbiwa mwezi gani.