Meza ya tivi imenitoa jasho

Hivi nyie wenzangu wa Mtwara tivi zenu mmeziweka juu ya nini? Nauliza kwa uchungu. Nilimwambia fundi wa mtaani kwetu huku Chuno anichongee stendi, akauliza inchi ngapi, nikasema 55, basi jamaa akaenda kuchonga meza ya inchi 55 kavu! Fundi, inchi za tivi ni za mshazari, kona hadi kona, upana wenyewe haufiki hata 49! Sasa meza imeziba mlango wa chumbani, napita ubavu ubavu kama kaa wa Mikindani.

Na hapo nimesubiri miezi miwili, kila nikipiga simu "kesho kaka, mninga haujakauka". Unakauka mpaka korosho ziishe mnadani?

Nyuma kaziba plaiwudi nzima, hakuna hata tundu. Waya wa king'amuzi upite wapi, wa sabufa upite wapi, hewani? Amplifaya kaichongea kishimo imebanana humo haipumui, na joto letu hili, mchana unaweza kukaangia yai juu yake.

Msiniambie ninunue za dukani, ile ya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, tuliyokuwa nayo ilikunywa maji ya kudeki wiki tu ikavimba miguu kama andazi.

Halafu mama watoto naye katandika vitambaa vyake vya kufuma, kimoja kinaning'inia mbele ya king'amuzi, rimoti haisomi. Kubadili chaneli nainuka.