Ngumi Moja, Maana Tatu

Wimbo wa kwaya yetu ulikuwa wa sauti nne, do (noti ya msingi) ni G, beti tatu na kiitikio. Mpango wenyewe: beti mbili za mwanzo tunaimba kavu, bila chombo, kisha ubeti wa tatu kinanda kinaingia kwa kishindo na ukumbi mzima unasimama. Ukumbi ulisimama kweli. Walitaka kuona kinachoendelea.

Do haikutusumbua. Mwalimu wa kwaya yeyote anayejipenda ana uma wa sauti, kile kichuma cha meno mawili: unakigonga gotini, unakisogeza sikioni, kinakupa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Do ikiwa G, hiyo A ni re. Unaiguna taratibu, unashuka hatua moja, umepata do yako. Kisha unagawa, besi kwanza: besi do, sauti ya tatu sol, sauti ya pili do ya juu ya besi, sauti ya kwanza mi. Unaguna tu, maana ukiitoa kwa kinywa wazi kuna mtu wa sauti ya tatu atadhani wimbo umeanza. Yupo katika kila kwaya.

Tukaanza vizuri, tukaanza na kushuka vizuri vilevile. Kwaya inayoimba kavu hushuka, hasa kwenye mi na ti ambazo watu huziimba kivivu, na pale noti ile ile inaporudiwa mara tano au sita huku pumzi ikiisha. Kila mwanakwaya anashuka kiasi kidogo mno hata hajijui, na kwa kuwa wote wanasikilizana, wanashuka kwa umoja na upendo. Sauti zote tatu za juu husema ni besi. Besi hawajibu, wanakohoa tu. Mwisho wa ubeti wa pili G yetu ilikuwa imelala kwenye F#, nusu toni nzima chini (nusu toni ndiyo hatua ndogo kabisa ya kinanda), na uso wa kila mtu uking'aa kwa kuridhika.

Nusu toni peke yake ingevumilika. Wasikilizaji wangekunja uso kidogo na kusamehe. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye kinanda. Kilikuwa cha ukumbi, na kundi lililotutangulia lilikuwa na mwimbaji aliyetaka wimbo wake upandishwe. Vinanda hivi vina kitufe cha kuhamisha sauti: unabonyeza alama ya kujumlisha mara 4, na kila unachopiga kinatoka juu kwa nusu toni 4, ingawa vidole viko pale pale. Namba ya 4 inaonekana kidogo kwenye kioo, halafu inapotea. Wale jamaa walimaliza, wakapigiwa makofi, wakashuka jukwaani. Kinanda hakikuzimwa.

Mpiga kinanda wetu wa siku hiyo, kijana wa bendi aliyekuja kutusaidia, akaweka vidole kwenye G, mahali sahihi kabisa, akapiga. Ikatoka B.

Hapa wapenzi wa hesabu washike kalamu. Sisi tuko F#, kinanda kiko B. Kati yao kuna nusu toni 5, yaani kutoka do hadi fa, na ngazi za F# na B, yaani noti zao za do hadi ti, zinashirikiana noti 6 kati ya 7. Do yetu ilikuwa sol ya kinanda! Kama tungepishana kwa nusu toni moja, ukumbi ungejua mara moja kwamba kuna ajali. Kupishana kwa 5 kulifanya mambo yasikike kama ufundi. Mstari mzima wa kwanza nilimwona mzee wa mbele akitikisa kichwa, akidhani tumefanya utafiti.

Sauti ya kwanza, waliokuwa wamekaa karibu na spika, walihamia B kabla ya mstari kuisha. Besi, walio nyuma kabisa, hawakuhama. Besi ni watu wa msimamo. Sauti ya tatu waligawanyika, kila mmoja akamfuata jirani aliyemwamini. Sauti ya pili walifanya kile ambacho sauti ya pili hufanya siku zote mambo yakiharibika: waliinamia karatasi na kuchezesha midomo.

Tungeweza kufika hivyo hivyo, ila mwisho wa mstari wa pili sauti ya pili wana ti ya mipigo miwili, na ti yetu ndiyo ile noti ya saba ambayo kinanda hakina. Wakakumbuka wajibu wao, wakaitoa. Ilikwaruzana na kinanda kwa nusu toni kamili, na mzee wa mbele akaacha kutikisa kichwa.

Nikaamua kumnyamazisha mpiga kinanda ili tumalizie kavu. Ishara ya kufunga sauti inajulikana: unazungusha mkono na kukunja ngumi. Nikaikunja, na ili aione, nikaiinua juu usawa wa paji la uso.

Sasa, kwaya hii imefundishwa solfa kwa ishara za mkono zilizotokana na zile za John Curwen, yule Mwingereza wa karne ya 19. Katika ishara hizo ngumi ni do. Ngumi usawa wa kiuno ni do ya chini. Ngumi usawa wa paji la uso ni do ya juu. Mazoezi yote tumekuwa tukianza nazo, wanazijua usingizini. Wakaiona ngumi, wakatii. Besi wakaachia do kwa kifua kizima, F# safi. Sauti ya kwanza wakarukia do yao ya juu, ambayo kwa G tulikuwa tumeifanyia mazoezi, lakini kwa B ni noti inayopita kipimo cha waimbaji wengi wa kawaida. Watatu waliifikia. Waliobaki walifika jirani.

Kwa kijana wa bendi ngumi juu ni "kaza". Akakaza.

Nikamwonyesha kwa mdomo: "Kitufe!" Akaelewa, Mungu ambariki. Njia ya haraka kwenye vinanda vingi ni kubonyeza kujumlisha na kutoa kwa pamoja, namba inarudi sifuri. Kwa haraka aliyokuwa nayo akagonga kitufe cha jirani, cha kuanzisha ngoma, na ngoma iliyokuwa imechaguliwa ilikuwa ya mipigo mitatu. Wimbo wetu ni wa mipigo minne. Mitatu na minne hukutana kila baada ya mipigo 12, kwa hiyo kila pigo la 12 likiisha tulikuwa pamoja kwa nukta moja, watu wanashangilia, tunaachana tena. Kiitikio kiliisha mara tatu: besi kwanza, kisha sauti ya kwanza, kisha ngoma, ambayo ilimalizwa kwa kuchomoa waya.

"Mwalimu, ile kaza ya pili ilikuwa kali," kijana akaniambia tukikusanya nyaya.

Siku hizi kabla ya kugawa do namwomba mpiga kinanda apige A moja tu, naishindanisha na uma sikioni. Kufunga sauti nafanya kwa kidole gumba na cha shahada. Yule mzee wa mbele alinifuata mlangoni kuomba nota za ubeti wa tatu, kwaya yao wangependa kuujaribu. Nikamwambia bado zinachapwa.